Aache Fizikia kabla ya kusajiliwa kidato cha nne, au aendelee nayo?

MamaK_Igoma

Habari za wakati huu, wazazi wenzangu na walimu mliomo humu. Naomba ushauri kuhusu binti yangu, ambaye amemaliza kidato cha tatu katika shule ya kata hapa Mwanza na mwezi Januari anaingia kidato cha nne. Anasoma masomo tisa, yaani yale saba ya lazima pamoja na Fizikia na Kemia. Tumeletewa fomu ambayo mzazi anatakiwa kuisaini, akionyesha masomo ambayo mtoto atasajiliwa kwa ajili ya mtihani wa Taifa, na mwalimu wa taaluma ameniambia kwa upole, lakini bila kuficha, kwamba ni afadhali aache Fizikia kwa sababu itamharibia divisheni.

Kwenye mtihani wa kufunga mwaka alipata B katika Kiswahili na Baiolojia, C katika Uraia, Jiografia, Historia, Kiingereza na Kemia, na D katika Hisabati. Fizikia alipata 24, ambayo ni F, na mtihani uliotangulia nao haukuwa tofauti sana. Yeye mwenyewe anasema anataka kusomea utabibu au uuguzi, na amekuwa akisema hivyo tangu alipokuwa shule ya msingi, ingawa sijui kama anafahamu njia ya kufika huko ikoje.

Baba yake, ambaye ni fundi wa injini za boti pale Mwaloni Kirumba, hataki kusikia habari ya kuacha somo. Mimi ninauza dagaa soko hilohilo, na ninachokiona ni mtoto anayefika nyumbani jioni akiwa amechoka, anafungua daftari la Fizikia kwanza kwa sababu ndilo linalomtisha, na usingizi unamkuta kabla hajagusa Hisabati wala Kemia.

Niliipitia karatasi yake ya mtihani mstari kwa mstari, kwa kuwa nami nilifika kidato cha nne. Kwenye swali la mtumbwi unaoelea ameandika kanuni ya kuelea neno kwa neno na akapewa alama zake zote, lakini kwenye hesabu iliyofuata kina cha sentimita 40 kimeingizwa kama 40, si 0.4, na kuanzia hapo chini yote ni mikwaju ya kalamu nyekundu. Maswali mengine matatu yameharibika kwa namna hiyohiyo. Je, mtoto wa namna hii aachishwe somo, au kuna kitu ambacho sikioni?

Mwl_Ilemela

Mama K., hongera kwa kuifungua karatasi yenyewe, kwa sababu wazazi wengi huishia kwenye alama iliyoandikwa juu. Nimefundisha Fizikia kwa miaka mingi katika wilaya hii, na ningependa tuanze na hiyo hoja ya divisheni, maana ndiyo iliyotumika kukushawishi na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Divisheni ya kidato cha nne hukokotolewa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, si kwa masomo yote aliyofanya. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Chukua matokeo ya binti yako kama yalivyo: B mbili zinatoa pointi 4, C tano zinatoa 15, jumla 19, na kwa kuwa daraja la pili linaanzia pointi 18 hadi 21, yeye yuko daraja la pili. Hapo Hisabati haijaingia kwenye hesabu, na Fizikia haijaingia pia. Mwondolee Fizikia, atabaki na pointi 19. Mwachie Fizikia na aifeli, atabaki na pointi 19. Kitakachobadilika ni kwamba akiwa na masomo nane atakuwa na somo moja tu la akiba, na endapo ataugua siku ya karatasi ya Historia, kwa mfano, ile D ya Hisabati ndiyo italazimika kuziba pengo.

Kwa nini basi shule inasukuma? Sitaki kumsemea mwalimu nisiyemfahamu, na huenda ana nia njema kabisa. Lakini ni vizuri ujue kwamba, ingawa Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022, wastani wa kila somo bado huonekana kwenye ukurasa wa matokeo wa kila kituo, na mkuu wa shule huulizwa juu ya wastani huo. F ya mtoto mmoja haimdhuru mtoto katika divisheni yake, bali inashusha wastani wa somo wa shule. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mzazi ana haki ya kuuliza ni lipi linalozungumziwa.

Sasa nije kwenye hiyo 24, ambayo inanivutia zaidi. Je, mtihani huo ulikuwa na sehemu ya vitendo, au ulikuwa wa nadharia pekee? Mtihani wa Taifa wa Fizikia una karatasi ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50, kwa hiyo theluthi moja ya alama iko maabara. Shule nyingi huruka vitendo kwenye mitihani ya ndani kwa sababu vifaa havitoshi. Kama 24 yake ni ya nadharia tupu, na kwenye vitendo akapata nusu tu, yaani 25 kati ya 50, atakuwa na 49 kati ya 150, ambayo ni karibu asilimia 33. D inaanzia 30.

Na vitendo vya Fizikia havihitaji kipaji. Mara nyingi huwa ni pendulumu, springi inayoning'inizwa mizigo, rula ya mita iliyosawazishwa kwenye ncha ya kisu, kipande cha kioo na pini zake, au saketi ndogo ya betri na ammita. Mwanafunzi anapewa maelekezo, anachukua vipimo, anajaza jedwali, anachora grafu na kutafuta mteremko wake. Nimeshuhudia watoto wasioweza kutatua swali hata moja la mwendo wakikusanya alama nyingi hapa kwa kuandika tu kizio juu ya kila safu ya jedwali, kuipa grafu kichwa cha habari, kuchagua skeli inayojaza karatasi na kuchora mstari kwa rula na penseli iliyochongwa. Wengine, wenye akili nyepesi kabisa ya hesabu, huzipoteza alama hizohizo kwa kudharau.

Kuhusu kosa la sentimita, hilo si kutojua Fizikia. Mwambie kwamba kabla ya kugusa kanuni yoyote aandike pembeni orodha ya alichopewa, na kila kipimo akibadilishe papo hapo kuwa mita, kilogramu na sekunde. Afanye hivyo hata kwenye maswali ambayo hayahitaji, mpaka mkono uzoee.

Sista_Nansio

Dada, mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Ukerewe, na nimeingia kwenye mjadala huu kwa sababu ya hilo neno utabibu.

Stashahada ya utabibu na ile ya uuguzi zote humtaka mwombaji awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, ukiacha ya dini, na ndani ya hayo manne lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Zingatia kwamba kinachotakiwa ni ufaulu, maana yake hata D inakufungulia mlango wa kuomba, ingawa ushindani ni mkubwa na mwenye C hutangulia. Asiye na Fizikia kabisa haombi, hata kama ana A ya Baiolojia.

Shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, ilitugawa tulipoingia kidato cha tatu, na sisi tuliokuwa nyuma tuliondolewa Fizikia bila mzazi hata mmoja kuitwa wala kuelezwa. Nilifaulu vizuri mengine yote. Nilipokwenda kuchukua maelekezo ya maombi ya chuo ndipo nikaambiwa kuna somo linakosekana, ikabidi nijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa Fizikia peke yake. Kusoma nadharia kulinisumbua kidogo. Kilichonitesa ni vitendo, kwa sababu vituo vingi vinavyopokea watahiniwa wa kujitegemea havina maabara, na nililazimika kuhamia kwa ndugu mjini ili niwe karibu na kituo kimoja kilichokuwa nayo. Ada, nauli ya meli, kodi ya chakula kwa ndugu, vyote hivyo vililipiwa somo ambalo nilikuwa nalo darasani bure.

Nimesoma pia habari za sentimita 40 nikatabasamu, maana kazini kwetu kosa hilo lina sura nyingine. Daktari anaandika dawa kwa miligramu, kichupa kimeandikwa gramu, na muuguzi ndiye anayebadilisha kabla ya kuvuta sindano. Vivyo hivyo dripu: unapewa mililita na saa, unatakiwa kutoa matone kwa dakika. Binti yako atalazimika kulitibu kosa hilo kwa vyovyote, awe na Fizikia au asiwe nayo, kama kweli huku ndiko anakotaka kuja.

Kijana_wa_Malimbe

Shikamoo mama. Naheshimu waliotangulia, lakini naona upande mmoja umesemwa kwa haraka.

Mimi niliacha Fizikia na sijutii hata kidogo. Sikuwa na nia ya kwenda tahasusi ya sayansi, jioni zangu zikarudi mikononi mwangu, Hisabati ikapanda kutoka D hadi C, na C hiyo ndiyo iliyonipeleka kusoma Historia, Jiografia na Uchumi kidato cha tano, na leo niko chuoni. Mwalimu ameeleza vizuri sana kwamba F ya Fizikia haiingii kwenye divisheni. Hata hivyo, saa ambazo Fizikia inazila zinaingia. Mama mwenyewe amesema mtoto analala kabla ya kugusa Kemia, na Kemia akiiangusha kutoka C hadi D, pointi zake zinapanda, na hizo ndizo zinazohesabiwa. Halafu kuna hii dhana kwamba bila Fizikia sayansi imekwisha. Ipo tahasusi ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, ambayo haina Fizikia ndani yake. Ni kweli kwamba haimpeleki kwenye shahada ya udaktari, kwa sababu huko Fizikia ya kidato cha sita ni lazima, lakini si kila mpenda Baiolojia lazima awe daktari.

Ninachoomba ni kwamba binti aulizwe akiwa peke yake, baba asiwepo. Tangu shule ya msingi ni muda mrefu, na wengi wetu tulisema udaktari kwa sababu wageni walipouliza hilo ndilo jibu lililowafurahisha.

MamaK_Igoma

Marahaba mwanangu, na nawashukuru wote. Nimemuuliza kama ulivyoshauri, baba yake akiwa kazini. Udaktari wa shahada hautaki. Anasema anataka uuguzi wa stashahada moja kwa moja baada ya kidato cha nne, kwa sababu amemwona binamu yake akimaliza na kupata kazi Sengerema. Nilipomweleza kwamba stashahada hiyo inadai Fizikia alishtuka, kwani shuleni hakuna aliyemwambia. Mwalimu, umebashiri sawasawa: mtihani ule ulikuwa wa nadharia tupu, na kwa mwaka mzima wameingia maabara mara chache mno, watoto wengi wakizunguka pendulumu moja.

Tumeshakubaliana kwamba anaendelea nayo akilenga D, na kwamba haitafunguliwa tena jioni za siku za shule. Jioni ni za Hisabati na Kemia. Fizikia imepewa Jumamosi asubuhi, na tuisheni ya nadharia niliyokuwa nikiilipia nataka kuihamishia kwa mwalimu mwenye maabara. Swali langu la mwisho: nikisaini kwamba anaendelea, halafu mambo yakawa mabaya kwenye mtihani wa utamilifu, naweza kumwondoa wakati huo?

Mwl_Ilemela

Hapana, usitegemee hilo. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, na dirisha likishafungwa masomo yake ndiyo hayo hadi Novemba. Lakini usiogope, kwa sababu kama nilivyoonyesha, Fizikia ikienda vibaya haimgusi pale kwenye pointi 19, mradi yale saba mengine yalindwe, na mpango wako wa jioni unayalinda.

Jumatatu nenda shuleni na mambo mawili. Kwanza, fomu iliyosainiwa yenye masomo tisa. Idadi hiyo inaruhusiwa, kwa kuwa kiwango ni kuanzia saba hadi kumi, kwa hiyo mtu asikuambie kuwa ni mengi mno. Pili, mwombe mkuu wa shule ratiba ya vitendo kwa maandishi, na kama unaweza uende na wazazi wengine wawili au watatu, maana pendulumu moja kwa darasa zima si tatizo la binti yako peke yake. Jumamosi ya kwanza asianze na nadharia. Aanze na grafu: jedwali moja kila wiki, karatasi ya grafu, penseli na rula, na amletee mwalimu wa maabara asahihishe vizio na skeli kabla ya kitu kingine chochote.