MREJESHO: Nimemaliza uzamili wa saikolojia Uingereza

Habari zenu wakuu. Miaka miwili iliyopita niliuliza: nina digrii ya uhasibu, naishi Leicester, je, naweza kuhamia saikolojia bila kuanza digrii upya? Mlinijibu vizuri sana, si haki nikae kimya.

Nilifuata ushauri wa uzamili wa kuhamia fani, nikahakikisha kwanza umeidhinishwa na BPS, chama cha wanasaikolojia wa Uingereza. Mkuu uliyesisitiza hilo, uliniokoa. Nilikuwa nimeshajaza fomu ya kozi yenye neno saikolojia kwenye jina lakini haina idhini. Bila idhini hupati GBC, yaani utambuzi wa BPS kwamba umesoma msingi wa saikolojia unaotakiwa, na GBC ndiyo wanayoitaka ukiomba udaktari wa saikolojia tiba.

Nilisoma miaka miwili huku nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Takwimu zilinitesa, mtihani wa kwanza nilifeli, nikarudia. Dada uliyeniambia nikokotoe kwa mkono kabla ya kufungua SPSS, ile programu ya kompyuta ya takwimu, Mungu akubariki. Niliandika saa za usingizi za watu kumi kwenye daftari la mwanangu, nikatafuta wastani, nikazidisha tofauti ya kila mtu na wastani kwa yenyewe, nikajumlisha, nikagawanya, nikatafuta kipeuo cha pili, na usiku ule ndipo mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, uliponiingia.

Kilichokwama ni kazi ya msaidizi wa mwanasaikolojia. Nimeomba mara 14, nimeitwa usaili mmoja, sikuchaguliwa. Kwa hiyo sijawa mwanasaikolojia. Bado kuna udaktari wa miaka mitatu. Ila GBC ninayo.

Asanteni sana. Anayeanza aniulize, nitamjibu.