Naomba ushauri: tovuti ya serikali ya wanafunzi isiyosomeka kwa wasioona

Wakuu, salaam. Nimepewa kazi ya kuisuka upya tovuti ya serikali ya wanafunzi chuoni kwetu. Iliyopo inapendeza kwa macho tu: matangazo yote ni picha za mabango, na katiba ni PDF iliyoskaniwa. Wenzetu wasioona wanaotumia NVDA au TalkBack (programu zinazosoma skrini kwa sauti, kwenye kompyuta na simu) hawaambulii kitu. Fomu ya malalamiko nayo haina lebo, na ukitaka kuijaza bila mausi unakwama.

Rangi nimeshaamua. Kijivu juu ya njano kinaondoka, viongozi wanune wasinune. Mwongozo wa WCAG (wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu) unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Ninapokwama ni hapa: kurasa zetu zinachanganya Kiswahili na Kiingereza. Nikiweka lang="sw" (alama ya kuiambia programu kuwa lugha ni Kiswahili) kwenye aya za Kiswahili, je, kwenye simu za bei nafuu sauti inabadilika kweli, au itaendelea kusoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu? Na katiba, niichape upya yote iwe ukurasa wa kawaida, au kuna njia ya mkato inayoaminika? Aliyewahi kuijaribu kazi hii pamoja na watumiaji wasioona wenyewe, naomba anielekeze alianzia wapi.