Hendibreki ya lori haiachii baada ya kulala wiki tatu: nianzie wapi?

Mwenye lori, Malindi

Assalaam alaykum, ndugu mafundi na madereva. Nina lori la zamani la ekseli mbili, la breki za upepo, ambalo hubeba chumvi kutoka Gongoni hadi hapa mjini. Masika haya kazi ilisimama, nikaliegesha uani wiki tatu nikiwa nimevuta hendibreki. Jana nilipotaka kulitoa halikusogea hata shubiri moja. Geji ya upepo inapanda hadi baa 8 na kutulia hapo, na nikiachia hendibreki nasikia upepo ukipita, lakini nikitia gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu, lori linatetemeka tu na magurudumu ya nyuma upande wa kushoto hayazunguki. Utingo wangu anataka tulivute kwa trekta, na jirani anasema nifungue busta, lile kopo la chuma linalosukuma breki ya gurudumu, niitazame springi. Sijaridhika na shauri lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa lori hili ndilo linalolisha nyumba mbili, nami sitaki kuliharibu kwa pupa.

Fundi wa breki, Mambrui

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kabla ya neno lolote jingine, nakuomba busta isifunguliwe. Katika nusu yake ya nyuma mna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa mno, na ule mkanda unaoshikanisha vifuniko ukilegezwa, springi hiyo huruka na kuua mtu. Trekta nayo iache, kwa sababu kiatu cha breki kilichoganda kikilazimishwa, laini yake, ule utando unaosugua ngoma ya gurudumu, hung'oka na kujikunja ndani ya ngoma, ukajikuta na kazi mara tatu ya uliyokuwa nayo.

Breki ya kuegesha ya lori la upepo hufanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: upepo haufungi, bali unafungua. Springi ndiyo inayofunga wakati wote, na upepo ukifika karibu baa 5 au 6 huirudisha nyuma na kuliachia gurudumu. Kwako geji inafika 8, na upande wa kulia umeachia, kwa hiyo kompresa na tenki hazina lawama. Tatizo liko kushoto, nalo ni moja kati ya matatu: ama upepo haufiki kwenye busta hiyo, ama shafti ya breki, ile inayovisukuma viatu, imekwama kwenye bushi zake, ama viatu vimegandana na ngoma kwa kutu.

Kuyatenganisha si kazi ngumu. Tia kabari nzito mbele na nyuma ya magurudumu yote, hata kama uwanja unauona tambarare, kwa kuwa unakwenda kuiondoa breki yenyewe. Kisha itafute bolti ndefu ya kufungia springi, ambayo aghalabu huwa imechomekwa ubavuni mwa busta. Ondoa kizibo cha mpira nyuma, ingiza bolti, izungushe robo mzunguko ishike, halafu kaza nati kwa spana ya mkono, ukiwa umesimama ubavuni wala si nyuma yake. Springi itarudi polepole bila kuhitaji upepo.

Hapo tazama ajasta, ule mkono wa chuma unaounganisha fimbo ya busta na shafti ya breki. Ikirudi na gurudumu likazunguka, basi upepo ulikuwa haufiki: kagua mpira wake, valvu, na kiwambo cha busta, ambacho kikipasuka huvujisha upepo mfululizo. Isiporudi, shafti imekwama. Ikirudi na gurudumu likaendelea kushikwa, viatu ndivyo vilivyoganda.

Dereva wa Kanta, Mokowe

Shikamoo, fundi. Naongeza kwa wenye malori madogo, maana nimeona wengi wakichanganya mambo haya mawili. Kanta yangu ya zamani haina upepo wa breki. Hendibreki yake ni ngoma moja iliyo nyuma ya giaboksi, inayoshika propela shafti na kuvutwa kwa kebo. Huku Lamu kebo ndiyo hufa kwanza: unyevu wa chumvi huingia kwenye ala yake, waya ukaota kutu ndani, ukiuvuta unakwenda na ukiuachia haurudi. Mimi hutia kabari, hulala chini, kisha huichomoa kebo pale inapokutana na kile kikono cha ngoma. Kikono kikirudi chenyewe, kebo ndiyo mbovu na hununuliwa nyingine, kwani kuimiminia mafuta hutibu siku mbili tatu tu. Tangu hapo Kanta ikilala zaidi ya siku mbili naiacha kwenye gia na kabari, bila kuvuta hendibreki.

Fundi wa breki, Mambrui

Marahaba. Hilo ni kweli kwa Kanta, ila mwenye lori la upepo asiliige: hata asipovuta hendibreki, upepo ukishavuja wote springi itafunga yenyewe. Dawa yake ni kuliwasha na kulisogeza kila baada ya siku chache.

Mwenye lori, Malindi

Nimerudi na majibu. Bolti niliikuta pale pale ubavuni, ikiwa na kutu lakini nzima. Springi ilipofungwa, ajasta ilirudi kidogo sana, kama upana wa kidole, kisha ikasimama, na gurudumu likabaki limeshikwa. Je, inawezekana ni mawili kwa pamoja?

Fundi wa breki, Mambrui

Inawezekana, tena kwa lori la chumvi ndivyo ninavyotarajia. Chomoa pini inayoshika ajasta na fimbo, tia mafuta ya kupenya kutu kwenye bushi za shafti pekee, na uyaache yafanye kazi usiku kucha, bila kuyafikisha kwenye laini. Kesho igongegonge ngoma kwa nyundo kuizunguka, kwa mapigo ya wastani, kisha uirudishe shafti kwa kuisukuma ajasta. Ukiivua ngoma usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Lipanguse kwa kitambaa kibichi, kwa sababu laini za zamani huenda zina asibesto, nayo huharibu mapafu.

Mwenye lori, Malindi

Alhamdulillahi, limeachia. Ngoma ilitoa mlio mkali kwa pigo la sita au la saba, na baada ya kuivua tulikuta kutu ya rangi ya matofali imeunganisha kiatu cha juu na ngoma, na bushi ya shafti imekauka kabisa bila hata alama ya grisi. Nimebadilisha bushi pamoja na springi za kurudisha viatu, nikapiga grisi pande zote mbili, na nilipofungua koki chini ya tenki za upepo yalitoka maji ya kujaza kikombe. Bolti nimeilegeza na kuirudisha mahali pake, nikajaribu hendibreki mara kumi papo hapo uani, kisha nikavuka daraja la Sabaki na kurudi bila mzigo. Ngoma za pande zote mbili zilikuwa na joto sawa nilipozigusa. Kesho naanza tena kazi ya Gongoni, na kila jioni magurudumu yataoshwa kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi kabla lori halijalala.