Kimea kimegoma: gumzo la Ukoo wa Uyole na Matawi Yake

JUMAPILI

[14:06] Lusajo: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Jamani natengeneza bia, kuna mtu ameniroga. Kilo 5 za kimea cha shayiri, nimekiloweka saa nzima kwenye mfuko, nyuzi 67 kama maelekezo yanavyotaka. Napima utamu, haidromita inasema 1.013. Ilitakiwa 1.048. Hii si bia, ni maji ya kusuuzia sufuria

[14:07] Mama Lusajo: Marahaba. Sufuria ipi?

[14:07] Lusajo: Ile kubwa mama

[14:08] Mama Lusajo: Ile ya misiba. Haya.

[14:09] Shemeji Iringa: Kamwene! Huku kwetu tunakata mwanzi jioni, asubuhi ulanzi huo hapo. Hakuna cha haidromita 😂

[14:10] Lusajo: Shemeji huu ni mwezi wa saba, mwanzi wako umekauka. Tutaongea masika

[14:13] Baba Mdogo: Mimi ni mzee wa kanisa, mjadala huu sijauona. Ila Lusajo, Uyole tuko juu sana. Maji yanachemka mapema, hayafiki nyuzi 100. Tatizo lako liko hapo.

[14:16] Dada Neema: Shikamoo baba mdogo. La kuchemka ni kweli, Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lakini kimea hakilowekwi kwenye maji yanayochemka. Nyuzi 67 za Uyole ni zilezile za Dar. Mlima hauna kesi. Lusajo, ulipima ikiwa ya moto?

[14:17] Lusajo: Ya moto ndiyo, nimechota na kutumbukiza. Nyuzi 60 hivi

[14:17] Dada Neema: Mungu wangu

[14:19] Dada Neema: Hiyo haidromita imetengenezwa isome kwenye nyuzi 20. Maji ya moto yanatanuka, yanakuwa mepesi, chombo kinazama zaidi, kinakudanganya kwamba hakuna sukari. Kwenye nyuzi 60 inakuibia kama alama 15, yaani 0.015. Halafu ni kioo, siku nyingine itapasuka. Chota kikombe, kiweke kwenye beseni la maji baridi, pima tena.

[14:20] Mama Lusajo: Kikombe cha plastiki. Si vile vya kabatini.

[14:31] Lusajo: Baridi hii ya Uyole, dakika kumi tu imepoa. 1.028

[14:32] Shemeji Iringa: Aliyekuroga ameshaanza kutubu

[14:35] Dada Neema: Sasa la pili. Hiyo 1.048 ya kwenye maelekezo ni baada ya kuchemsha. Wewe una lita ngapi?

[14:35] Lusajo: 26. Nikichemsha zitabaki 22

[14:39] Dada Neema: Maji yanaondoka na mvuke, sukari inabaki. Lita 26 mara alama 28 ni 728. Gawa kwa lita 22, ni 33. Kwa hiyo utaishia 1.033. Kimea cheupe kama hicho, kingetoa kila kitu, kilo moja ni kama alama 300 kwenye lita moja. Kilo zako 5 ni 1,500. Umepata 728, hata nusu hujafika. Mfuko ukienda vizuri unatoa kama 70 kwa mia. Sehemu kubwa ya ulichonunua bado iko kwenye machicha.

[14:40] Lusajo: Na kimea chenyewe nimeagiza, nauli tu imenitoa jasho

[14:42] Shemeji Iringa: Maji je? Birika letu hapa lina gamba jeupe unaweza kupiga plasta nyumba

[14:44] Dada Neema: Maji magumu yanaweza kuchangia shemeji, kimea kinapenda pH, kile kipimo cha uchachu, ya 5.2 mpaka 5.6 hivi. Lakini maji nayahoji mwisho. Hayawezi peke yake kula nusu nzima.

[14:46] Lusajo: Halafu da Neema, kinachonichanganya ni hiki. Nilifanya ile ya iodini uliyonifundisha. Tone kwenye sahani nyeupe na maji ya kimea, haikugeuka nyeusi, ilibaki ya kahawia. Maana yake wanga umeisha, wote umekuwa sukari, si ndiyo?

[14:47] Dada Neema: Hmm

[14:52] Atu: Shikamooni, naandika kwa niaba ya shangazi, miwani yake imevunjika. Anasema Lusajo apige picha ya machicha, karibu kabisa.

[14:55] Lusajo: 📷 Picha

[14:57] Atu: Anauliza hizo nzimanzima ni nini?

[14:57] Lusajo: Shikamoo shangazi. Ndiyo kimea chenyewe

[14:58] Atu: Marahaba. Anasema tafuna moja.

[15:00] Lusajo: Nje laini. Katikati kuna unga mkavu, meno yanagonga kabisa

[15:01] Dada Neema: Shangazi!! Lusajo chukua hiyohiyo, iponde na kijiko, dondoshea iodini.

[15:04] Lusajo: Nyeusi

[15:04] Lusajo: Nyeusi tititi kama wino

[15:08] Dada Neema: Basi. Ulipima maji, na maji hayana wanga kwa sababu wanga haujatoka. Umefungiwa ndani ya punje. Umesagia nini?

[15:10] Lusajo: Mashine ya mkono ya jirani, ile ya karanga. Niliilegeza kidogo maana maelekezo yanasema maganda yasivunjike sana

[15:15] Dada Neema: Hayo ni ya watu wanaotumia pipa lenye bomba chini. Kwao maganda ndiyo chujio, yakivunjika yote maji hayapiti. Chujio lako ni hiyo shela ya pazia uliyoshona, maganda hayakusaidii kitu. Wewe unaweza kusaga laini zaidi yao.

[15:21] Atu: Shangazi ameongea sana, nafupisha. Anasema togwa ni hivyohivyo. Uji unapikwa, unasubiri upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo unatia kimea cha ulezi. Ukitia uji ungali unatokota kimea kinakufa, utakunywa uji. Na kimea kikiwa chenga, unakoroga mpaka mkono unauma, uji unabaki mzito, hautaki kulainika. Kikiwa kimesagwa vizuri, unakoroga mara tatu nne unauona unalegea wenyewe kwenye mwiko. Anasema bibi yenu alikuwa anasugua kimea kati ya vidole kabla hajakubali kukitumia. Na anauliza, mfuko uliukamua?

[15:22] Lusajo: Niliuning'iniza udondoke tu. Nimesikia ukikamua bia inakuwa chungu

[15:24] Atu: Amecheka. Anasema kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kingekuwa kinaogopa kukamuliwa tungekuwa tumekufa na kiu Tukuyu yote.

[15:26] Dada Neema: Ule ukakasi wa maganda unaletwa na joto kupita kiasi, au kusuuza kwa maji mengi yenye pH kubwa. Kukamua hakuna neno. Vaa glavu, kamua. Halafu tumbukiza mfuko kwenye ndoo yenye lita 4 za maji ya moto, nyuzi kama 75, koroga, kamua tena, mimina kwenye sufuria. Hizo lita 4 zitoe kwenye maji ya mwanzo, usiziongeze juu.

[15:28] Lusajo: Na joto? Nilianza na 67, mwisho wa saa nikakuta 58

[15:29] Dada Neema: Kazi kubwa hufanyika mwanzoni, kwa hiyo hilo si la kukupa presha. Ila ukisaga vibaya unahitaji muda mrefu, na muda mrefu unahitaji joto. Funika sufuria na kitu kizito.

[15:29] Mama Lusajo: Kitu gani?

[15:30] Dada Neema: 🙈

[15:33] Baba Mdogo: Sasa hiyo ya 1.033 inatupwa?

[15:34] Lusajo: Hapana baba mdogo, nachemsha hivyohivyo, napunguza hopsi, yale maua ya kutia uchungu, isiwe chungu. Itakuwa nyepesi

[15:34] Baba Mdogo: Nyepesi haina ubaya.

[15:35] Shemeji Iringa: Mzee wa kanisa mjadala ameuona 😂😂

JUMAMOSI ILIYOFUATA

[11:20] Lusajo: Ripoti. Nimepeleka kilo 5 mashineni, pale tunaposaga dona. Jamaa kaniuliza ni chakula cha kuku wa wapi. Nikamwomba aweke chekeche ile yenye matundu makubwa anayotumia kwa mifugo. Kilo ya kwanza ilitoka na unga wa mahindi wa mtu, nikamwambia asafishe kwanza. Nimesugua kwenye vidole kama bibi, hakuna punje nzima

[11:22] Dada Neema: Kusiwe vumbi tupu lakini, shela itaziba.

[11:24] Lusajo: Ni chenga ndogo na unga kidogo

[12:02] Lusajo: Nimetia taratibu huku nakoroga. Madonge yalijaa, mengine kama ngumi, kila moja ukilipasua ndani ni unga mkavu. Nimeyabonda yote ubavuni mwa sufuria kwa mwiko wa ugali. Nyuzi 67. Nimefunika

[12:03] Mama Lusajo: Umefunika na nini Lusajo?

[12:40] Lusajo: Nimekoroga tena. Nyuzi 65

[12:41] Mama Lusajo: Nimekuuliza swali.

[13:31] Lusajo: Nimekamua na kusuuza. Hizi za kukamua tu zimefika karibu lita moja na nusu, tamu inanata kwenye vidole. Wiki iliyopita nilizimwaga nje na machicha 😭

[13:32] Lusajo: Da Neema ngoja, inapoa kwenye beseni

[13:43] Lusajo: Lita 26. 1.041

[13:45] Dada Neema: 1,066 kwa 1,500. Sabini na moja kwa mia. Na maji ni yaleyale ya bombani, shemeji.

[13:46] Shemeji Iringa: Nimekubali. Naleta glasi

[13:48] Lusajo: Shangazi ndaga fijo 🙏

[13:51] Atu: Anasema machicha usimwage, nguruwe wake wanayataka, mpe dereva wa Noah jioni. Na anasema punje nne tano umtumie kwenye karatasi, anataka kuzitafuna mwenyewe.

[13:52] Mama Lusajo: Blanketi la wageni liko wapi?

[13:58] Lusajo: Kambani mama. Limekauka nusu. Linanukia uji