Manon alikuwa na haki ya kukata maji ya kijiji kizima?

Mtoa mada: Jana nimeirudia filamu ya Kifaransa Manon des sources ya Claude Berri, ya mwaka 1986, inayofuatia Jean de Florette. Mkulima Ugolin na ami yake Papet waliziba chemchemi ya jirani yao Jean kwa saruji wapate shamba lake. Jean akafa akichimba kisima kwa baruti. Binti yake, Manon, alipokua naye akaziba mkondo unaolisha kijiji kizima. Ilikuwa haki?

Kibuyu: Haki tupu. Wanakijiji walijua chemchemi ipo na wakanyamaza. Ila Jean naye, mtoza kodi wa mjini, anakuja kulima kwa kitabu na wastani wa mvua! Wakulima wa vitabu mwisho wao ndio huo.

Mama Shamba: Wakulima wa vitabu? Marehemu baba yangu alistaafu akanunua ekari nne, akalima kwa daftari, na tulisoma kwa shamba hilo. Chunga mdomo.

Kibuyu: Baba yako sijamtaja, dada. Nasema mvua haijui wastani. Angeuliza wenyeji.

Mama Shamba: Amuulize nani? Ugolin aliyejifanya rafiki huku anajua maji yalipo? Florette, mama yake Jean, aliolewa kijiji kingine, Crespin, na kijiji hakikuwapenda watu wa Crespin. Mtu na kibiongo chake anabeba maji kutoka mbali, wao wanamtazama tu!

Nahodha: Jamani, swali ni Manon. Mimi naona Papet hakuadhibiwa na Manon. Kilichommaliza ni habari ya ile barua ya Florette, iliyotumwa Papet akiwa jeshini Afrika na haikumfikia. Kumbe Jean ni mwanawe wa kumzaa! Kisasi gani kinafikia hapo?

Mtoa mada: Sawa, lakini wasio na hatia je? Nilipokuwa mdogo ndugu wawili waligombea kisima, mmoja akakifunga. Waliotembea na ndoo alfajiri ni sisi watoto. Ndiyo maana Manon namhurumia, ila siwezi kumpongeza.

Kibuyu: Pole. Lakini kama si ukame ule, nani angefungua mdomo kumtetea Jean? Walisema baada ya bomba kukauka.

Mama Shamba: Kibuyu, mimi bado nasubiri. Jean angemuuliza nani?

Kibuyu: Angeanza na wazee.

Mama Shamba: Papet ndiye alikuwa mzee!