Mkuu wa shule anataka chumba cha maktaba kiwe darasa: nimweleze nini?

Mwalimu wa Mbagala:
Ndugu walimu na wakutubi, ninaomba ushauri wenu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya serikali huku Mbagala, na mwaka jana nilikabidhiwa maktaba, yaani funguo za chumba chenye makabati manne, vitabu vya kiada vilivyofungwa kwa kamba na atlasi zinazoonekana hazijawahi kufunguliwa. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, wanafunzi wameongezeka kuliko madarasa, na sasa Mkuu wa shule anataka chumba hicho kipokee mkondo mpya, vitabu vihamie stoo. Simlaumu, kwa sababu watoto wanaobanana wanne kwenye dawati moja ninawaona kila siku. Lakini aliponiuliza maktaba hii imemsaidia mwanafunzi gani, nilikosa jibu, na jambo hilo limeninyima usingizi. Nimweleze nini?

Mkutubi wa Upanga:
Mwalimu, Mkuu wako ameuliza swali la haki, na hotuba kuhusu umuhimu wa kusoma haitamridhisha. Fungua daftari la kuazimisha kesho asubuhi. Andika jina la mwanafunzi, kitabu alichochukua, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha, kisha ongeza safu moja ambayo wengi huiacha: amekuja kutafuta nini. Katika shule ninayofanyia kazi, safu hiyo ndiyo iliyotufumbua macho. Tulidhani wanafunzi wanahitaji vitabu vya mitihani iliyopita, kumbe wengi wa kidato cha kwanza na cha pili walikuja kutafuta maana ya maneno ya Kiingereza waliyokutana nayo kwenye Biolojia na Jiografia. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anavuka likizo moja tu na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hana nafasi ya kumfafanulia kila neno. Tulihamishia kamusi kwenye meza iliyo karibu na mlango, na pembeni yake tukaweka hadithi nyembamba za Kiingereza chepesi, ambazo mwanafunzi anaweza kuimaliza moja kwa siku mbili na kujiona kweli amesoma kitabu kizima.

Kuhusu mpangilio, usihangaike na namba ndefu. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada, unaotumika tangu mwaka 1876, unatoa 500 kwa sayansi, 800 kwa fasihi na 900 kwa historia na jiografia, na kwa vitabu mia chache tarakimu tatu kwenye mgongo wa kitabu zinatosha kabisa. Sogeza makabati mbali kidogo na ukuta, maana unyevu wa pwani huleta ukungu, na mchwa hupenda kupandia ukutani. Nenda pia Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukaonane na watu wa Bodi ya Huduma za Maktaba. Bodi hiyo ina chuo cha ukutubi Bagamoyo, na ushauri wa mtu aliyesomea kazi hii utakuokolea miezi ya kubahatisha.

Mwalimu wa Historia, Tabata:
Ninaongezea upande wa utafiti. Niliwahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kueleza chanzo cha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, nikapokea madaftari arobaini yenye aya ileile, iliyonakiliwa kutoka kwenye simu pamoja na makosa yake ya tahajia. Muhula uliofuata niliwapeleka maktaba wakiwa makundi ya watano, kila kundi likapewa vitabu vitatu na swali moja: waandishi hawa wanatofautiana wapi? Niliwafundisha kwanza kutumia yaliyomo na faharasa, kwa sababu walikuwa wakianza ukurasa wa kwanza na kuchoka kabla ya kufika wanapopahitaji. Binti mmoja, ambaye darasani huwa haongei, aliinua mkono akasema kitabu kimoja kinatilia mkazo kulazimishwa kulima pamba na kingine kinatilia mkazo imani katika dawa ya Kinjekitile, akauliza kama wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Tulitumia kipindi kizima kumjibu. Mwalimu mwenzangu, mwalike Mkuu wako akae katika kipindi cha namna hiyo, lakini kwanza hakikisha maktaba imeingizwa kwenye ratiba, kwani chumba kisicho na kipindi huonekana hakina kazi.

Mzazi wa Kigogo:
Shikamooni walimu. Mwanangu alikuwa harudi na kitabu nyumbani kwa kuogopa faini, nasi kwetu paa linavuja. Nilipoomba nisaini mimi mwenyewe na kumpa mfuko wa nailoni wa kufungia kitabu, alianza kuazima, na sasa humsomea mdogo wake jioni. Tafadhali msiwatishe watoto kwa kitabu kilicholowana.

Mwalimu wa Mbagala:
Ninawashukuru nyote kwa dhati, na marahaba mzazi wetu. Mkuu amekubali kusubiri hadi mwisho wa muhula, kwa sharti kwamba kila mkondo upate kipindi kimoja cha maktaba kwa wiki na nimpelekee daftari kila Ijumaa. Daftari lilifunguliwa Jumatatu. Hadi Alhamisi lilikuwa na majina ishirini na matatu, na kumi na mmoja kati yao walikuja kwa ajili ya kamusi, kama Mkutubi alivyosema. Tatizo ni kwamba tuna kamusi mbili tu za Kiingereza na Kiswahili, na moja imenyofoka kurasa kuanzia herufi S. Mkutubi, je, ile nzima niifunge mezani isitoke kabisa, au niwaruhusu waiazime kwa zamu usiku mmoja mmoja?