Naomba ushauri: Tufanyeje na daftari la pamoja la watengeneza programu ambamo jibu sahihi na jibu bovu vimekaa ukurasa mmoja?

Mleta mada

Habari za wakati huu wakuu. Ninaongoza kikosi cha watengeneza programu saba hapa Mombasa, na kazi yetu kubwa ni mifumo ya kupokea malipo kwa simu kwa ajili ya maduka na vyama vya akiba. Kwa miaka minne tumekuwa na daftari la pamoja, yaani wiki ya ndani, ambamo kila mmoja huandika alichokipata: jibu la Stack Overflow (tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu) lililomtoa kwenye mkwamo, kipande cha msimbo kilichopita kwenye kundi la WhatsApp, au maelezo ya mwenzetu aliyewahi kukutana na hitilafu ileile. Limetufaa sana, kwani kijana anayeanza kazi leo hupata kwa saa moja kile ambacho sisi tulikihangaikia wiki nzima.

Mwezi uliopita wateja wa duka moja walilalamika kwamba namba zao za simu zinakataliwa. Tulipofuatilia tukaikuta kanuni ya kukagua namba iliyonakiliwa kutoka kwenye daftari letu, nayo inakubali tu namba inayoanza na 2547 na kufuatiwa na tarakimu nane. Wakati ambapo namba zote za simu za mkononi nchini Kenya zilianza na 07, kanuni hiyo haikuwa na kosa lolote. Lakini tangu zianze kutolewa namba za 010 na 011, imekuwa ikimfungia mlango mteja halali, na hakuna aliyerudi kuirekebisha. Chini yake pameandikwa "imejaribiwa, inafanya kazi", bila tarehe wala jina.

Siku mbili baadaye nikakuta lililoninyima usingizi: ukurasa unaoelekeza kwamba seva ikigoma kuunganika na mfumo wa malipo, CURLOPT_SSL_VERIFYPEER, yaani mpangilio unaoamuru cheti cha utambulisho cha seva ya upande wa pili kikaguliwe, iwekwe kuwa false, yaani izimwe. Hitilafu huondoka papo hapo, na ndiyo sababu ushauri huo umependwa. Lakini pamoja nayo huondoka uhakika kwamba seva tunayoipelekea siri za mteja ndiyo yenyewe, na si mtu aliyejipenyeza katikati ya njia.

Ninachoomba ni hiki: mnapimaje kiasi cha kuaminika kwa maarifa yaliyochangwa na wengi, na yale mabovu mnayafuta au mnayaacha? Sitaki kuweka masharti yatakayowafanya vijana waache kuandika.

Fundi_Seva

Pole mkuu. Nianze na la haraka: hitilafu hiyo ya cheti mara nyingi husababishwa na orodha ya vyeti iliyopitwa na wakati au isiyokuwepo kabisa kwenye seva. Pakua faili jipya la cacert.pem, ambalo ndilo orodha hiyo ya vyeti, uandike mahali lilipo kwenye curl.cainfo ndani ya php.ini (faili la mipangilio ya PHP, lugha ya programu), kisha urudishe ukaguzi leo hii kabla ya kuendelea na mjadala huu.

Kuhusu kupima, tusidanganyike na kura. Mwaka 2010 Andreas Lundblad aliandika kwenye Stack Overflow kipande kifupi cha Java cha kugeuza idadi ya baiti kuwa maandishi yanayosomeka. Kilipigiwa kura nyingi mno, na watafiti wakaja kukitambua kuwa miongoni mwa vipande vya Java vilivyonakiliwa zaidi kwenye GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo. Mwaka 2019 ni yeye mwenyewe aliyeeleza hadharani kwamba kina kosa: ukikipa baiti 999,999 kinaandika "1000.0 kB" badala ya "1.0 MB". Maelfu walikisoma kosa likawapita, kwa sababu kila mmoja alikijaribu kwa namba aliyokuwa nayo mkononi. Kura humwambia msomaji kwamba wengi walisaidika, lakini hazimwambii kama kuna aliyekagua namba za mpakani, zisizo za kawaida.

Mwana_Chuoni

Ndugu yangu, swali lako limenikumbusha chuoni kwa maalimu tulipoanza kusoma elimu ya hadithi za Mtume. Tulifundishwa kwamba matini, yaani maneno yenyewe, peke yake haitoshi, hata ipendeze vipi, mpaka ijulikane isnadi yake: nani kasimulia, kapokea kwa nani, je walikutana kweli, na hifdhi yake ikoje. Ndipo hadithi inapowekwa katika daraja lake, ikawa sahihi, hasani, dhaifu au ya kuzuliwa.

Daftari lenu lina matini bila isnadi. Anayeandika aulizwe mambo machache tu: umeipata wapi, uliijaribu wewe mwenyewe au umesimuliwa, kwenye toleo gani la PHP au la hifadhidata, na lini. Tofauti kati ya "nimekutana nayo" na "nimesikia kundini" ni kubwa mno, na kwenye daftari lenu imefutika. Leo jambo hili lina uzito zaidi, maana majibu yanayotungwa na akili unde yana ufasaha wa mjuzi hata yanapokosea. Stack Overflow wenyewe walilazimika kuyapiga marufuku Desemba 2022.

Nakuomba usiufute ule ukurasa wa cheti. Wanazuoni wameandika vitabu vizima vya hadithi za kuzuliwa ili anayeisikia nje aitambue. Kijana wako ataukuta ushauri huohuo mtandaoni kesho asubuhi, na ni heri awe amekwisha kuuona kwenu ukiwa na onyo juu yake.

Msimbo_Safi

Kwa heshima zote, mimi natofautiana kidogo na aliyenitangulia. Kurasa zenye onyo zikiwa nyingi, onyo halisomwi; mtu mwenye haraka hunakili kilichomo kwenye kisanduku cha msimbo na kuondoka. Ukiuacha ukurasa huo, basi ondoa ile mistari yenyewe na ubakishe maelezo.

Isitoshe, isnadi njema haizuii ukweli kuzeeka. mysql_query, amri ya PHP ya kuuliza hifadhidata, ilifundishwa na walimu wazuri kabisa, na bado iliondolewa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015. Kila ukurasa uwe na mwenyewe na tarehe ya kukaguliwa upya, na usiokuwa na mwenyewe uhamishiwe ghalani. Panapowezekana, maarifa yageuzwe kuwa jaribio linaloendeshwa na mashine kila msimbo unapobadilika, kwa sababu jaribio likipitwa na wakati hukataa mbele ya macho yenu, ilhali ukurasa hukaa kimya.

Mleta mada

Shukrani sana wakuu. Ukaguzi wa cheti tumeurudisha jana usiku kwenye seva zote, na kama alivyosema Fundi_Seva, faili la vyeti lilikuwa la zamani. Ukurasa wenyewe umebaki bila ile mistari, na juu yake tumeandika aliyeuleta, mahali alipoutoa, na sababu ya kuukataa. Aliyeuleta ni mimi, mwaka wa kwanza wa daftari, kutoka kwenye jibu ambalo sikulisoma hadi mwisho.

Kanuni ya namba tumeiandikia jaribio lenye namba za 07, 010 na 011. Msichana aliyejiunga nasi mwezi huu ndiye aliyeliandika, kisha akauliza kama namba yenye alama ya kujumlisha mbele inapaswa kupita. Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa hiyo ukurasa huo kwa sasa una daraja la "haijathibitishwa", pamoja na jina lake na tarehe ya leo.